Alama Moja Nyuma ya Kaka

Jumamosi, saa tisa alasiri. Mvua inanyesha tangu asubuhi na barabara ya sokoni imegeuka mto. Niko siberi, duka la intaneti hapa mjini Bujumbura, kwenye mashine ya karibu na dirisha, ile ambayo herufi M inabidi uigonge mara mbili ndipo ikubali. Viatu vimelowa, kitenge kimelowa hadi magotini, na mimi natabasamu peke yangu hadi kijana wa mashine ya mbele amegeuka mara mbili kuniangalia. Aangalie tu.

Leo nina furaha, jamani. Nina furaha na nina fahari, na sioni haya kuliandika hapa.

Kwa anayesoma kwa mara ya kwanza (najua wasomaji wangu ni watatu, na wawili ni binamu zangu): mimi ni Madamu Zuena, mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya msingi huko Kamenge. Naishi Buyenzi, nyumba ya marehemu baba, pamoja na kaka yangu Ramadhani ambaye ni fundi cherehani. Nimefundisha miaka kumi na tisa, ikiwemo ile miaka ambayo uwanja wetu ulikuwa na askari wengi kuliko wanafunzi. Nimeshika chaki hadi sasa, alhamdulillahi.

Shule zilipofunguliwa Septemba, Direkta, mkuu wetu wa shule, alinipa kazi ambayo hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka: nitunge programu ya watoto wenye vipaji wa darasa la nne na la tano. Watoto kumi na wawili, kila mchana, wenzao wa zamu ya asubuhi wakishakwenda nyumbani. Shirika moja lenye ofisi kule Kinindo limeahidi vitabu. Sisi tunatoa chumba na mwalimu. Chumba ni ghala la zamani la majembe, tulilichagua kwa sababu dirisha lake haliangalii milimani, risasi zilikotoka miaka ile. Mwalimu ni mimi. Metodi, mwenzangu wa darasa la tano, anasema nilichaguliwa kwa kuwa ni mimi pekee ninayeweza kubishana na Direkta mpaka Direkta aombe maji.

Kazi yenyewe niliipenda kuliko nilivyokiri. Niliandika fishi thelathini na sita, kila fishi somo moja, kwa mkono, kwa wino wa bluu, vichwa kwa wino mwekundu. Hesabu nilizitoa bandarini: boti linatoka Kigoma, limebeba chumvi, limeshusha kiasi gani, limebaki na nini. Kufikiri mbele nilikuweka kwenye bao la ikibuguzo, maana mtoto anayecheza ikibuguzo vizuri anahesabu hatua tano kabla hajagusa kokoto. Lugha ikawa vitendawili vya nyanya zao, wavikusanye nyumbani, wavitafsiri Kifaransa, halafu wagombane kwa nini kitendawili kikivuka lugha kinakosa chumvi. Wallahi nilipomaliza fishi ya mwisho niliibusu.

Na juu ya yote hayo nikaweka Ngazi.

Ngazi ilikuwa hivi: kila Ijumaa nabandika mlangoni majina yote kumi na mawili, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mwisho wa muhula, wa kumi na mbili anarudi darasa la kawaida na mwingine anachukua nafasi yake. Na mwisho wa mwaka, proklamasyo: wazazi wote uwanjani, Direkta anasoma majina kwa sauti, wa kwanza anapigiwa makofi, na sauti inashuka taratibu kadiri namba zinavyopanda. Sisi sote tumekua hivyo. Mimi nilisomwa wa kwanza miaka minne mfululizo, na mpaka leo nikifunga macho nasikia yale makofi. Nilidhani hakuna chakula bora cha kumpa mtoto mwenye akili. Watu wa Kinindo nao waliposikia habari ya Ngazi walifurahi sana.

Basi Jumatatu ya wiki hii nikafanya mtihani wa kuchagua. Maswali arobaini, niliyatunga mwenyewe, alama moja kila swali. Walimu walinipa watoto thelathini. Walikuja ishirini na tisa, kwa sababu mmoja wa darasa la tano, Nestor, alikuwa kitandani na malaria.

Nilipokusanya karatasi nikakuta moja nyeupe. Juu kuna jina, Goreth, miaka kumi, mwandiko safi wa kupendeza. Chini ya jina, hakuna kitu. Saa nzima na nusu mtoto alikaa pale na kalamu mkononi, na hata namba ya swali la kwanza hakuandika.

Hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua.

Jumanne nikamwita mbele ya darasa lake zima, watoto themanini na kitu. Nikainua ile karatasi juu wote waione. Nikamwambia kuna wenzake wangeipigania nafasi ile kwa meno, na yeye ameitupa kwa jeuri. Alisimama mikono nyuma, macho chini, kama anavyosimama mtoto aliyelelewa mbele ya mkubwa. Hakulia. Nikamuuliza, we, hukujua hata moja? Akasema kwa sauti ndogo, "Apana, Madamu." Nikamuuliza apana gani, apana hukujua au apana ulijua? Darasa likacheka.

Niliwaacha wacheke. Naliandika hapa kwanza, kabla ya mambo mazuri, ili nisije nikalisahau kwa makusudi.

Metodi hakupenda. Metodi ni mtu mpole, hasemi sana, ila akikasirika anakunja mikono ya shati. Jumatano saa ya mapumziko alikuja mikono imekunjwa, akaweka kaye yake, daftari la alama, mbele yangu juu ya chai yangu.

"Dada Zuena, huyu mutoto ulimufokea bure. Angalia hii kitu kwanza, njo umufute kwa orodha."

Akanionyesha. Interogasyo, jaribio la darasani, ya kwanza: Nestor thelathini na moja, Goreth thelathini. Ya pili: Nestor ishirini na saba, Goreth ishirini na sita. Ya tatu, wiki ambayo Nestor alichanganya kugawanya: kumi na nane, na Goreth kumi na saba. Ya nne: thelathini na nne, thelathini na tatu. Kaye nzima hivyo. Na majina yetu unayajua, kila mtoto analo lake na wala halifanani na la ndugu yake, kwa hiyo kwenye orodha yangu walikuwa watu wawili wasiojuana. Metodi ndiye aliyeniambia kwamba Nestor ni kaka yake Goreth, wa tumbo moja, miaka kumi na mitatu, na wanakaa benchi moja.

Nikasema, basi anamwibia kaka yake, kesi imekwisha. Metodi akatikisa kichwa. Naye alidhani hivyo mwaka jana, alipokuwa nao la nne. Akatoa karatasi za Ijumaa iliyopita ambazo alikuwa hajazirudisha, ya kaka na ya dada, akaziweka bega kwa bega. Pale Nestor alipokosea, Goreth amepata. Goreth amekosea kwingine kabisa. Mwizi wa majibu huiba pamoja na makosa, huyu makosa yalikuwa yake mwenyewe.

Nikachukua karatasi ya Goreth nikaiinua dirishani. Chini ya jibu baya kulikuwa na jibu zuri, limefutwa kwa kifutio. Nikaangalia kosa la pili. Jibu zuri, limefutwa. La tatu, hivyo hivyo.

Chai ilipoa pale.

Hebu nieleze nilichoelewa, maana nilikaa nacho nusu saa. Ili mtoto apate alama moja pungufu ya kaka yake, si mbili, si tatu, moja, inabidi kwanza afanye mtihani wake wote. Halafu aisome karatasi ya kaka yake kwa jicho la pembeni, aisahihishe kichwani, ajue mwalimu atampa ngapi. Ndipo arudi kwenye karatasi yake achague makosa ya kufanya, idadi kamili, kabla kengele haijalia. Na afanye hivyo kila mara, bila kukosea hata siku moja.

Mimi nisingeweza.

Na Jumatatu kaka hakuwepo. Karatasi ya kuitazama haikuwepo. Kaka ana sifuri, na chini ya sifuri hakuna pa kwenda. Kwa hiyo akaandika jina lake, akaweka kalamu chini, akasubiri. Nami nikaiinua karatasi ile mbele ya watu nikaiita jeuri.

Orodha ya kumi na wawili inatakiwa Kinindo Jumatatu ijayo. Nilikuwa na siku nne za kumfanya mtoto huyu aandike anachokijua, na sikujua nianzie wapi. Nikaanzia kwa mama yake.

Mama Nestor anauza ndagala kwenye soko la Kamenge. Mumewe anapakua mizigo bandarini. Nilimkuta Alhamisi, amekaa nyuma ya rundo lake la samaki, anawafukuza nzi kwa kipande cha boksi. Nilimwamkia, nikanunua kopo mbili ili nisionekane nimekuja na maneno matupu, nikamweleza habari ya alama. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa hata kidogo.

"Mi njo nilimwambia, Madamu. Mutoto mudogo hapiti mukubwa wake mbele ya watu. Kwani we ulilelewa wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia taratibu, huku akipimia mteja mwingine. Walipokuwa kambini Tanzania, Nestor ndiye aliyebeba maji. Foleni ya bomba ilianza alfajiri, na shule ya kambi ilianza alfajiri hiyo hiyo, basi miaka mitatu mkubwa alibeba maji ili mdogo asome. Waliporudi wakawekwa darasa moja. Sasa Nestor ana miguu mirefu haiingii chini ya benchi, na mwaka jana alisema ataacha shule aende bandarini na baba yake.

"Siku watasoma majina, Goreth mbele, Nestor nyuma, ile siku njo ya mwisho. Huyu mukubwa harudi tena. Mi nipoteze mumoja juu nipate mumoja? Apana, Madamu. Ile hesabu yenu mi sitaki."

Nilirudi Buyenzi na ndagala zangu mkononi.

Hapa lazima niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mimi pia nilisoma darasa moja na kaka yangu. Ramadhani alirudia mwaka, nikamkuta. Mwaka ule, siku ya proklamasyo, nilisomwa wa kwanza na yeye alisomwa mbali huko, makofi yakiwa yamekwisha. Shule zilipofunguliwa tena hakurudi. Nimebeba jambo hilo miaka yote, kwamba ni mimi niliyemtoa kaka yangu shuleni, na sikuwahi kumuuliza. Tunakula sahani moja kila siku na sikuwahi.

Alhamisi nikamuuliza. Alikuwa anashona sare ya kaki ya mtoto wa jirani. Alicheka mpaka mguu ukaacha kukanyaga cherehani.

"We Zuena unajipenda! Mi nilitoka shule juu baba aliumwa na cherehani ilibaki bila mutu. Wewe unafikiri dunia yote inazunguka kwa sababu ya akili yako?"

Nikaona haya, na moyo ukawa mwepesi. Halafu akakata uzi kwa meno, akaangalia mshono wake, akasema bila kuniangalia, "Lakini ile siku, wamesoma jina yangu na watu wote wamegeuka kukuangalia we, iliniuma. Ile sisahau." Akaendelea kukanyaga.

Nilimpikia ndagala kwa pilipili kama anavyopenda. Sikujua la kufanya zaidi.

Ijumaa Nestor akarudi shuleni, amekonda, macho makubwa. Nikamwita ghalani, peke yake safari hii, nimejifunza. Nikaanza kuzunguka, habari ya malaria, habari ya baba, habari ya mvua. Yule mtoto akanionea huruma.

"Ni juu ya Goreth, Madamu?"

Nikasema ndiyo.

"Mi najua. Tangu mwaka jana. Nikipata kumi na nane, yeye kumi na saba." Akakuna shingo. "Basi mi nasoma sana. Juu apande."

Sikuelewa upesi. Nikamwambia arudie. Akarudia kwa subira, kama mtu anayemweleza mtoto. Hesabu hazipendi, hajawahi kuzipenda. Lakini aliona kwamba akishuka, dada yake anashuka naye. Kwa hiyo kila jioni anakaa na kaye yake na anazilazimisha ziingie, apate thelathini na nne, ili Goreth apate thelathini na tatu. Habari ya bandari aliacha kuiwaza. Nani angempandisha dada yake?

Jamani. Mimi huyu mwenye miaka kumi na tisa ya chaki.

Nikamuuliza, na akiachwa aende mbele, wewe utabaki shuleni? "Sijui, Madamu." Nilimpenda kwa jibu hilo, kwa sababu angeweza kunidanganya na ningefurahi.

Mchana wote wa jana nilikaa ghalani na fishi zangu. Karatasi ya Ngazi niliitoa, nikaichana mara nne, nikaitia kwenye ndoo. Iliuma kidogo, vichwa vyake nilikuwa nimeviandika vizuri. Mahali pake nikaandika kitu kingine: mwenzi wa benchi. Kila mtoto wa darasa la vipaji atakuwa na mwenzake mmoja katika darasa la kawaida, atakayemchagua mwenyewe. Analojifunza mchana kwangu, kesho yake asubuhi amfundishe. Na kazi yake haihesabiwi imekwisha mpaka yule mwenzake aweze kunieleza mimi kwa maneno yake. Hakuna majina mlangoni. Hakuna wa kwanza, hakuna wa kumi na mbili. Hakuna kusomwa uwanjani. Kila mtoto na mzazi wake wataitwa, watakaa, wataambiwa.

Nilipoandika hayo niliona fishi zote thelathini na sita zinabadilika. Zile za ikibuguzo zikawa za watu wawili. Vitendawili vikawa na mtu wa kuvitegua. Nilizipitia moja moja, nikaongeza, nikakata, mpaka Direkta akaja kufunga lango.

Alisoma ukurasa ule amesimama. "Madamu, bila nafasi, wazazi watajua namna gani?" Nikasema watawauliza watoto wao. Akasema Kinindo watakataa, waliipenda ile Ngazi. Nikasema wakatae mbele yangu. Direkta akatafuta maji ya kunywa.

Na leo asubuhi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mtihani ule ule, kwa watoto wawili.

Nilikuwa nimepanga kuwatenganisha, mmoja ghalani, mmoja kwa Metodi. Nestor akakataa. Alikataa kwa heshima, lakini alikataa. Akasema wakae benchi moja kama siku zote. Wakakaa. Nikagawa karatasi, nikasema anzeni.

Nestor akaandika jina lake. Akaweka kalamu chini, akakunja mikono kifuani.

Goreth akasubiri. Akamwangalia kwa jicho la pembeni. Karatasi ya kaka nyeupe. Akaandika jina lake polepole, akarembesha herufi, akasubiri tena. Dakika tano. Dakika kumi. Nilisimama ubaoni nikijifanya nasoma. Nje matone ya kwanza yalianza kuanguka juu ya bati.

Ndipo Nestor akasema neno moja, bila kugeuka.

"Tangulia."

Goreth akamtazama usoni, sasa si kwa pembeni. Nestor akaangalia dirishani. Yule mtoto akavuta pumzi, akainama, na kalamu haikunyanyuka tena mpaka alipofika mwisho. Kifutio hakukigusa. Nilihakikisha.

Aliponiletea karatasi, Nestor akachukua kalamu yake, akaanza swali la kwanza. Nilimpa saa yake nzima na nusu.

Niliisahihisha ya Goreth pale pale kwa sababu mimi si mtu wa kusubiri. Moja, sawa. Mbili, sawa. Kumi na sita, zote sawa. Kumi na saba nikasimama.

Swali la kumi na saba ni fahari yangu, la boti. Boti limetoka Kigoma na magunia mia mbili arobaini ya chumvi. Robo imeshushwa Rumonge. Lilipofika Bujumbura lilikuwa na magunia mia moja tisini. Je, mangapi yalilowa yakatupwa ziwani? Jibu langu ni kumi, na Jumatatu watoto ishirini na mmoja waliandika kumi na nikawapa alama zao. Goreth hakuandika kumi. Aliandika, kwa Kifaransa chake kifupi: "Yalibaki mia moja themanini. Hayawezi kufika mengi kuliko yaliyobaki. Hakuna lililotupwa. Labda kuna mtu aliyaongeza njiani."

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Nikahesabu tena ubaoni, nikafuta haraka.

Nilikuwa nataka kuandika mia moja sabini. Niliandika mia moja tisini, nikatoa kinyumenyume, na watoto ishirini na mmoja wakanifuata shimoni kwa sababu ni Madamu aliyeuliza. Nilicheka peke yangu mpaka Nestor akainua kichwa. Nikamwambia endelea, mwanangu, Madamu ameona panya.

Arobaini kwa arobaini. Wa juu kabisa siku ya Jumatatu alipata thelathini na nane, na sasa ana thelathini na saba, maskini, kwa kosa langu.

Wakamaliza, wakaaga. Mvua ilikuwa imeshika. Nestor akafungua mfuko wa plastiki wa saruji, akaushika juu, Goreth akaingia chini yake na wakaondoka. Yeye mbele, dada nyuma hatua moja, kama wanavyotembea siku zote. Njiani atembee anavyotaka.

Orodha ninayo hapa kwenye mfuko, imefungwa na nailoni isilowe. Majina kumi na mawili, kwa alfabeti. Nestor amepata ishirini na tisa, na wa mwisho aliyeingia ana thelathini na mbili. Hakuingia, na sikumwongezea hata nusu. Ila mbele ya kila jina nimeacha nafasi ya mwenzi wa benchi, na mbele ya Goreth sina haja ya kuuliza. Kama hilo litatosha kumweka Nestor shuleni mwaka huu, sijui. Naye hajui. Mama yake nitamwendea kesho, nitanunua kopo tatu.

Kinindo naenda Jumatatu saa tatu na kile kitenge changu cha kijani. Wakitaka Ngazi, nitawapa swali la kumi na saba walijibu kwanza.

Saa yangu ya mashine inakaribia kwisha na inabidi nifike Buyenzi mapema. Lakini kuna jambo moja nimeliona sasa hivi tu, nilipokuwa nazitoa karatasi nizihesabu tena. Chini kabisa ya karatasi ya Nestor, baada ya swali la arobaini, ameandika kwa herufi ndogo: "Madamu, nimemaliza. Yeye amepata ngapi?"

Ya kwake hakuuliza.

Mimi niliyechana Ngazi jana, niliyeapa hakuna tena kusoma alama kwa sauti, Jumatatu asubuhi kabla ya kwenda Kinindo nitamwita Nestor ghalani, nitafunga mlango, nitasimama wima kama Direkta uwanjani, nitataja jina la dada yake lote, na nitasoma arobaini kwa arobaini kwa sauti yangu yote ya proklamasyo, mbele ya mtu mmoja.

Na makofi atapiga yeye.